Wengi Wape, Hata Roho ya Mtu?

Wahenga walisema, Wengi wape. Ni methali nzuri, na katika mambo mengi imetuokoa na ugomvi. Wengi wakitaka mkutano uwe Jumamosi, na uwe Jumamosi. Wengi wakipenda kanisa lipakwe rangi nyeupe, yule apendaye rangi ya maziwa hana budi kunyamaza. Lakini kuna mahali ambapo methali hii hugeuka kuwa kisu. Mwezi huu twapenda kuuliza pamoja nanyi, ndugu wasomaji: mtu anapouawa, na mji mzima ukawa umekwisha kumtaja muuaji, je, yule aliyepewa kazi ya kuendesha mashtaka awape wengi wanachokitaka?

Swali hili si la wanasheria peke yao. Sisi si wanasheria. Tulikuwa walimu, tena wa kufundisha walimu wengine, na silaha zetu zilikuwa chaki na daftari. Lakini nani kati yetu hajakaa msibani akasikia jina la mtu likipita kutoka mdomo hadi mdomo kabla marehemu hajazikwa? Nani hajasoma gazetini habari za "wananchi wenye hasira kali"? Jambo hili linatuhusu, maana wengi hao ni sisi wenyewe.

Ili tusizungumze hewani, na tutazame kisa kimoja cha kweli. Kilitokea mbali, lakini kitatusaidia.

Katika jimbo la Connecticut, kaskazini-mashariki ya Marekani, kuna mji uitwao Bridgeport, ambao zamani hizo ulikuwa mji mkubwa wa viwanda. Jioni ya Jumatatu, tarehe 4 Februari 1924, Padri Hubert Dahme wa Kanisa Katoliki la Mtakatifu Yosefu alitoka kutembea kidogo kama ilivyokuwa desturi yake. Alipokuwa katika barabara kuu ya mji, yapata saa mbili kasoro dakika ishirini usiku, mtu mmoja alimjia kwa nyuma, akampiga risasi kichwani, akakimbilia gizani. Padri akafa usiku uleule.

Tufikiri jinsi mji ulivyokuwa siku zilizofuata. Aliyeuawa ni mtumishi wa Mungu, mtu aliyependwa na watu wa kila dhehebu, hana ugomvi unaojulikana, tena ameuawa barabarani mbele ya wapita njia. Hasira iliwaka, na tusiwalaumu. Nasi tungewaka vivyo hivyo. Kila siku iliyopita bila mtu kukamatwa ilikuwa aibu kwa polisi.

Baada ya juma moja hivi, katika mji wa Norwalk usio mbali na hapo, polisi walimkamata kijana mmoja aitwaye Harold Israel. Alikuwa askari aliyekwisha kuachishwa jeshi, hana kazi, hana makao ya kudumu, hana ndugu karibu wa kumwulizia hali. Mfukoni alikuwa na bastola ya kipimo kilekile cha risasi iliyomwua padri. Akahojiwa kwa saa nyingi, na mwisho akakiri kuwa ndiye aliyeua. Wakatokea mashahidi waliosema kwamba waliona mtu akikimbia usiku ule, na kwamba ni huyu. Mwanamke mmoja aliyefanya kazi katika mkahawa alisema alimwona kwa dirisha akipita karibu na mahali pale muda mfupi kabla ya tendo, naye alimfahamu. Kisha mtaalamu wa silaha akathibitisha kuwa risasi ilitoka katika bastola ya kijana huyo.

Basi, wasomaji, kitu gani kilichobaki? Silaha ipo, mashahidi wapo, mtaalamu yupo, na mwenyewe amekiri. Kwa sheria ya jimbo lile wakati huo, njia ilikuwa inaelekea kwenye kitanzi. Wengi walikuwa tayari. Lililobaki ni kuwapa.

Mwendesha mashtaka wa wilaya ile alikuwa Bwana Homer Cummings. Hakuwa mtu mgeni wa siasa, wala hakuwa malaika. Alikuwa amegombea kiti cha Seneti ya Marekani mwaka 1916 akashindwa, na miaka ya 1919 na 1920 alikuwa mwenyekiti wa taifa wa chama cha Democratic. Alijua vizuri bei ya kupendwa na watu. Naye alikiri baadaye mbele ya jaji kwamba alipolipokea jalada kwa mara ya kwanza, kesi ilionekana imekamilika. Lakini hakuridhika kwa kusoma jalada. Alitoka ofisini akaenda kupima neno moja baada ya jingine, kama fundi anavyogonga kila tofali kabla ya kulijenga.

Aliwaita madaktari wamwangalie mfungwa. Wakaona kwamba kijana yule alikuwa mtu mwenye akili dhaifu na aliyechoka mno alipokuwa akihojiwa, na kwamba maneno aliyoyatoa katika hali ile hayafai kutegemewa. Naam, baada ya kupata usingizi kijana alikuwa amekwisha kuyakana yote. Alisema alikiri ili apate kupumzika, na kwamba usiku ule alikuwa katika jumba la sinema.

Cummings akaipeleka bastola na risasi kwa wataalamu wengine, si mmoja, bali sita. Wote sita walisema risasi ile haikutoka katika bastola ile.

Akaenda usiku mahali pa mauaji, katika mwanga ule ule wa taa za barabarani, akawaweka watu wasimame na kukimbia kama mashahidi walivyoeleza. Akaona kwamba katika giza lile mtu hawezi kuutambua uso wa mkimbiaji, hata akiwa ni mtu anayemjua. Akaenda mpaka kwenye mkahawa, akasimama pale aliposimama yule mwanamke, akatazama nje. Kioo kilikuwa na mvuke, na taa za ndani ziliakisi juu yake, hata akishindwa kuwatambua wasaidizi wake mwenyewe waliokuwa wakipita nje.

Tarehe 27 Mei 1924 alisimama mahakamani. Kwanza aliueleza ushahidi wote wa kumtia hatiani kijana yule, bila kuupunguza. Kisha akaufungua uzi mmoja mmoja mpaka nguo yote ikaisha. Akasema, kwa maana hii ingawa si kwa maneno haya, kwamba nguvu kubwa aliyopewa mwendesha mashtaka ni ya kumlinda asiye na hatia sawasawa na ilivyo ya kumtia hatiani mwenye kosa. Akaiomba mahakama aondoe mashtaka. Kijana akaachiliwa, akarudi kwao Pennsylvania, akaoa, akalea familia yake. Muuaji wa Padri Dahme hakupatikana hata leo.

Mwaka 1931 tume ya taifa ya Marekani iliyochunguza mambo ya sheria na uhalifu ilimtaja Cummings kuwa mfano wa kufuatwa. Miaka ya 1933 hadi 1939 alikuwa Mwanasheria Mkuu wa Marekani chini ya Rais Roosevelt. Na mwaka 1947 kisa hiki kilitengenezewa filamu. Lakini sifa zote hizo zilikuja baadaye. Jioni ile aliposimama nyuma ya kioo chenye mvuke hakukuwa na mtu wa kumpigia makofi.

Sasa tuingie katika swali lenyewe. Mwendesha mashtaka ni nani? Wengi wetu twadhani ni wakili wa marehemu, au wakili wa polisi, au mkono wa wananchi wa kulipiza kisasi. Si hivyo. Mwaka 1935 Mahakama Kuu kabisa ya Marekani, katika shauri la Berger, ilieleza kwamba mwendesha mashtaka ni mtumishi wa dola ambayo haki yake si kushinda kesi, bali kuona kwamba haki imetendeka. Yaani wakili wa kawaida akishindwa kesi, ameshindwa. Mwendesha mashtaka akimwachia asiye na hatia, hakushindwa; kazi yake imekamilika.

Nasi hapa kwetu hatukukosa mafundisho hayo. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, katika Ibara ya 59B iliyoingizwa mwaka 2005, imemweka Mkurugenzi wa Mashtaka awe huru, asiingiliwe na mtu wala mamlaka yoyote, na imempa mambo matatu ya kuzingatia: haja ya kutenda haki, kuzuia taratibu za kutoa haki zisitumiwe vibaya, na maslahi ya umma. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, Ibara ya 157, nayo ina maneno yanayofanana na hayo.

Tuyatazame kwa makini maneno ya mwisho. Imeandikwa maslahi ya umma. Haikuandikwa matakwa ya umma. Mzazi yeyote anajua tofauti. Mtoto mwenye homa hutaka maembe mabichi, na kilio chake ni cha kweli, lakini maslahi yake ni kunywa dawa chungu. Umma wa Bridgeport ulitaka mtu wa kunyongwa. Maslahi yao yalikuwa kwamba mtu maskini asije akakamatwa njiani, akachoshwa kwa maswali, akanyongwa kwa sababu mji umekasirika. Maana mji uliomfanyia hivyo mgeni leo, kesho utamfanyia mwenyeji.

Hapo atainuka msomaji mmoja aseme: "Mnawadharau wananchi. Bila kelele za wananchi, kesi ngapi zingelala? Mtoto wa mkubwa akigonga mtu kwa gari, nani atafungua jalada kama watu hawapigi kelele?" Neno hili ni zito, nasi twalikubali. Kimya cha raia ni rafiki wa mla rushwa. Watu wana haki, hata wajibu, kuuliza kesi ya ndugu yao imefika wapi, kudai mashahidi wahojiwe, na kukataa jalada kupotea. Hasira yenyewe si dhambi. Mtu asiyekasirika jirani yake anapouawa ana ugonjwa moyoni.

Lakini tugawe mambo mawili ambayo hasira huyachanganya. Watu wana haki ya kudai mlango wa upelelezi ufunguliwe na usifungwe kwa hila. Hawana haki ya kuchagua nani atakayetolewa kwa mlango huo. Kelele zaweza kumwamsha mpelelezi aliyelala. Haziwezi kumwonyesha muuaji, kwa kuwa kelele hazina macho. Mwendesha mashtaka mwema huwasikiliza watu wanaposema "Fanya kazi," na kuziba masikio wanaposema "Ni yule."

Atainuka msomaji wa pili, mpole kuliko wa kwanza, naye atasema: "Kwa nini mwendesha mashtaka ajitwike mzigo wa jaji? Akiwa na shaka, ampeleke mtu mahakamani, mahakama iamue. Akiwa hana hatia, ataachiwa." Hoja hii ni hatari zaidi, kwa sababu inavaa nguo za unyenyekevu.

Kwanza, mahakama huona kile tu kinachowekwa mezani. Mwendesha mashtaka ndiye aliyeona kapu zima. Pili, katika mji wa Bridgeport wale raia 12 ambao wangeamua kesi wangetolewa katika mji uleule na wilaya ileile iliyokuwa inawaka. Tatu, kushtakiwa kwenyewe ni adhabu. Mtu akikaa mahabusu miaka miwili kisha akaambiwa "Nenda zako," shamba lake limekwisha kuota magugu, watoto wameacha shule, na jirani bado anasema, "Lisemwalo lipo." Nne, kumpeleka mtu usiyemwamini kuwa mkosaji ili lawama imwangukie mwingine, huku si unyenyekevu. Wasomaji wa gazeti hili wanamjua liwali mmoja aliyesema mara tatu kwamba haoni kosa kwa mtu aliyeletwa kwake, kisha sauti za watu zikazidi, naye akaagiza maji. Tangu siku hiyo jina la Pontio Pilato halikupumzika. Hakumchukia mfungwa wake. Aliwaogopa watu tu.

Tusidhani pia kwamba mambo haya yalikwisha na karne iliyopita. Mwaka 2006, katika mji wa Durham, jimbo la North Carolina, mwanamke mmoja mweusi aliyeajiriwa kucheza katika sherehe ya wanamichezo wa Chuo Kikuu cha Duke alidai kwamba amebakwa. Wanamichezo wale karibu wote walikuwa vijana weupe wa chuo cha gharama kubwa, na mji ule ulikuwa na majeraha ya zamani ya ubaguzi. Hasira ya watu ilikuwa na mizizi yake. Mwendesha mashtaka, Mike Nifong, alikuwa katika kampeni; uchaguzi wa kwanza ndani ya chama chake ulikuwa Mei mwaka huohuo. Aliongea sana na waandishi wa habari, akawashtaki vijana watatu. Vipimo vilionyesha vinasaba vya wanaume wengine wasiokuwa wanamichezo wale, lakini habari hiyo haikukabidhiwa kamili kwa mawakili wa utetezi. Mwezi wa Aprili 2007 Mwanasheria Mkuu wa jimbo, Roy Cooper, aliyafuta mashtaka na kusema wazi kwamba vijana wale hawana hatia. Juni mwaka huo Nifong aliondolewa katika uwakili, na baadaye akahukumiwa kulala jela siku moja kwa kuidharau mahakama.

Tutazame jinsi mizani ilivyogeuka. Huko Bridgeport mnyonge alikuwa mtuhumiwa. Huko Durham watu wengi walimwona mlalamikaji kuwa mnyonge, nao walitaka kumtetea mnyonge, jambo ambalo ni jema. Lakini kanuni ni ileile. Haki ya mnyonge haijengwi kwa uongo juu ya mwenye nguvu, kama vile haijengwi kwa uongo juu ya mnyonge mwingine. Na aliyeumia zaidi baada ya mambo kufichuka ni yule mwanamke mwingine wa kesho, atakayebakwa kweli, akaja kulia, watu wakamwambia, "Mwaikumbuka ile ya Durham?"

Mpaka hapa tumezungumza habari za watu wengine, na kuwahukumu watu wa mbali ni kazi nyepesi. Yatupasa sasa kusema habari zetu wenyewe. Tumekaa nazo miaka mingi, wala hatukupanga kuziandika hapa. Lakini tungeandika yote yaliyotangulia na kuyaficha haya, tungekuwa wanafiki.

Mwaka 1989 tulikuwa wakufunzi katika chuo kimoja cha ualimu. Fedha walizochanga wanachuo kwa ajili ya safari ya mafunzo zilikuwa zimewekwa katika sanduku la chuma ofisini kwa karani wa fedha. Asubuhi moja sanduku lilifunguliwa likakutwa tupu. Karani mwenyewe alikuwa amepelekwa hospitali ya wilaya siku mbili kabla yake, akiwa na malaria kali. Bwalo likawaka moto. Wanachuo waligoma kuingia darasani mpaka mwizi apatikane. Nasi tulikuwa mkufunzi wa zamu juma lile, na Mkuu wa Chuo akatukabidhi shauri.

Jina lilikuwa limekwisha kupatikana kabla hatujauliza. Kulikuwa na kijana mmoja aliyetoka kwao mbali, ambaye wakati wa likizo hakuwa na nauli ya kurudi nyumbani, akabaki chuoni akipasua kuni za jikoni. Alikuwa mkimya. Juma lile alikuwa amevaa viatu vipya. Wengi walisema ni yeye. Na wengi wape. Tulimsimamisha katikati ya uwanja tangu baada ya uji wa asubuhi. Jua lilipanda, jua likashuka. Jioni alikiri. Tulimwuliza fedha ziko wapi, akasema amezitumia zote. Ndugu zetu, sisi tuliokuwa tunafundisha somo la hesabu hatukuifanya hesabu hiyo ndogo: kijana atawezaje kuzimaliza fedha za wanachuo wote kwa siku mbili, mahali penye duka moja linalouza chumvi na mafuta ya taa? Tuliandika katika taarifa yetu maneno matatu yenye nguvu kubwa: "Amekiri mwenyewe kosa." Akafukuzwa keshoye. Wanachuo wakashangilia, wakaingia darasani. Mkuu wa Chuo alitushukuru kwa kumaliza jambo upesi.

Baada ya majuma matatu karani alirudi kutoka hospitali, amekonda. Aliposikia habari alitoa mfukoni mwa koti lake stakabadhi ya benki. Siku ileile aliyopelekwa hospitali alikuwa amepita benki akaziweka fedha zote, kisha homa ikamzidi. Hakukuwa na mwizi. Hakukuwa na wizi.

Hospitali ile ilikuwa mwendo wa saa moja na nusu kwa baiskeli, na baiskeli tulikuwa nayo. Hakuna aliyetukataza kwenda kumwuliza mgonjwa swali moja. Hatukwenda kwa sababu bwalo lilikuwa likipiga kelele, na tulidhani kazi yetu ni kuzinyamazisha kelele. Tulitumwa baadaye kumfuata kijana kwao ili arudishwe. Tulimkuta mama yake, akatukaribisha kwa heshima, akatupa kiti chake cha pekee. Alituambia mwanawe amekwisha kwenda kwenye mashamba ya mkonge kutafuta kazi. Habari za viatu alitueleza bila kuulizwa: yeye mwenyewe ndiye aliyemtumia, alivinunua baada ya kuuza mbuzi. Kijana hakurudi chuoni. Hakuwa mwalimu.

Kwa hiyo tunaposoma habari za Cummings kusimama nyuma ya dirisha lile la mkahawa usiku, sisi hatusomi kama watu wanaosoma hadithi. Tunaona baiskeli yetu imeegemezwa ukutani. Tofauti baina ya haki na dhuluma, mara nyingi kuliko tunavyofikiri, haikai katika moyo mwema au moyo mbaya. Hatukumchukia kijana yule. Inakaa katika kule kuamka ukaenda kutazama, wakati kila mtu amekwisha kukuambia kwamba hakuna haja.

Limebaki neno moja gumu, nasi hatutaki kulikwepa. Waumini wa Mtakatifu Yosefu walibaki bila jibu. Mchungaji wao aliuawa, na mpaka wazee wao wanazikwa hawakuambiwa ni nani aliyemwua. Mwendesha mashtaka hakuwapa faraja waliyoitaka. Je, aliwakosea? Twafikiri hakuwakosea, ingawa tusiseme kwamba bei ilikuwa ndogo. Angewapa mtu wa uongo, wangepata usingizi, na muuaji angepata usingizi pia, tena mzuri zaidi, kwa kuwa hakuna amtafutaye mtu ambaye mwenzake amekwisha kunyongwa kwa jina lake. Msiba usio na jibu ni jeraha. Msiba wenye jibu la uongo ni majeraha mawili, na la pili tumelitia sisi.

Basi tufanye nini, sisi ambao si waendesha mashtaka? Tuanze na midomo yetu. Tukiwa msibani, au kisimani, au nje ya kanisa baada ya ibada, tusilitaje jina la mtu kwa kuwa wengine wamelitaja. Tukiitwa kutoa ushahidi, tuseme tulichokiona, na tuishie pale macho yetu yalipoishia. Tukikuta kundi limemzunguka mtu, tuwe wale wanaouliza, "Nani ameona?" Torati ya Musa iliwaonya Waisraeli wasiandamane na mkutano mkubwa katika kuipotosha hukumu; na onyo hilo halikutolewa kwa waamuzi peke yao, lilitolewa kwa watu wote, kwa sababu kundi huundwa na mtu mmoja mmoja, na kila mmoja angeweza kubaki nyumbani.

Na tunapomwona mwendesha mashtaka, au hakimu, au hata mwalimu wa zamu, amekataa kutupa mtu tunayemtaka, tusikimbilie kusema amekula rushwa. Tumwulize sababu zake, tuzisikilize, tuzipime. Huenda amekula rushwa kweli. Hayo yapo, na yafuatwe kwa sheria. Lakini huenda pia alipanda baiskeli akaenda kuuliza.

Wengi wape, naam: wape rangi ya kanisa, wape siku ya mkutano. Roho ya mtu si mali ya wengi, hata waipeane.